Nimeokota kobe wa maji barabarani, nimpeleke wapi? Majibu ya maswali yenu

Mvua ya masika ikishashika huku Kano, Kisumu, kobe wa maji wanatoka kila pahali na lami ya Ahero kuelekea Awasi inawamaliza. Na kwa sababu watu walishajua niko na bwawa nyuma ya nyumba, kila mtu akiokota mmoja ananiletea kwa karai, mwingine kwa gunia la mbolea, kuna jamaa wa boda aliniletea mmoja ndani ya helmeti. Maswali nayo yamejaa kwa simu, wacha niyajibu hapa mara moja.

"Nimempata katikati ya barabara karibu na Ahero saa kumi na mbili asubuhi, niko naye kwa buti. Nikuletee ama nimpeleke ziwani pale Dunga?" (ndugu wa Kisumu)

Usiniletee, na Dunga pia usimpeleke. Rudi mpaka pale pale ulipomtoa umvushe upande aliokuwa anaelekea, basi. Huyo hakupotea. Ama dimbwi lake limekauka anahamia lingine, ama ni jike anatafuta mahali pa kutaga, na ukimrudisha upande alikotoka ati ndio salama, ukiwasha gari tu ameshaanza tena safari ile ile na trela inakuja. Wewe kwanza angalia matatu, usife juu ya kobe. Halafu mshike gamba pande zote mbili kwa mikono miwili, vile unashika sufuria, usimwinue kwa mkia. Atakukwaruza na kucha, anaweza kugeuza shingo pembeni akuume, na pia atatoa harufu mbaya ajabu. Mara ya kwanza mimi aliniachilia harufu juu ya shati yangu ya kanisa na mama watoto akakataa kuifua, ikabidi nifue mwenyewe mara tatu. Hiyo harufu ni silaha yake tu, si ugonjwa.

"Huku Gilgil tulimwokoa mkubwa mwenye madoadoa, tukamtia kwa tangi la maji lakini anazama. Shida ni gani?" (mama wa Nakuru)

Mama, mtoe sasa hivi! Huyo ni kobe wa nchi kavu, wa madoadoa, anakula nyasi, maji ya kina yanamuua. Hili kosa naliona kila mwaka, na lugha pia inachangia, kwa Kiswahili wote tunawaita kobe na huku kwetu ukisikia opuk, yaani kobe kwa Kijaluo, hujui ni yupi. Angalia miguu. Wa nchi kavu miguu yake ni kama nguzo, mnene, kama wa ndovu mdogo, na gamba limeinuka kama bakuli iliyofunikwa. Wa maji ana gamba bapa kama sahani, rangi ya matope, vidole vina ngozi katikati kama bata na kucha ndefu, na akijificha shingo anaikunja kando, hairudishi moja kwa moja ndani. Wako mrudishe kichakani karibu na mlipomtoa. Na tukiwa hapo hapo, hata wa maji usimtupe Ziwa Nakuru, yale ni maji ya magadi, tena ni mbuga ya taifa tangu 1968, hauingizi mnyama huko kivyako.

"Pikipiki imempasua gamba, damu inatoka kidogo. Fundi ananiambia nibandike na supa gluu."

Mwambie fundi abandike viatu. Gamba si kama kucha tu, ni mfupa ulio hai, mbavu na uti wa mgongo vimeshikana nalo, damu inapita humo na anasikia uchungu. Ukibandika gluu unafungia uchafu ndani na baada ya siku chache ni usaha. Suuza pole pole na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, funika na bandeji safi, mweke kwa katoni yenye matundu na kitambaa kikavu, kivulini, USIMWEKE KWENYE MAJI hata kama unamwonea huruma, halafu tafuta daktari wa mifugo na uwapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Na usiharakishe kuzika, hawa moyo wao unapiga taratibu sana, unaweza kudhani amekufa na yuko. Mimi nilimwacha mmoja kwa katoni usiku nikijua asubuhi nachimba shimo, nikamkuta amehamia kona ingine.

"Nina bwawa la tilapia la dam lina, ile nailoni ya kutandika chini. Naweza kuwaweka humo? Watakula samaki?" (kaka wa Siaya)

Vifaranga vya samaki watakula, viluwiluwi, vyura, konokono, wadudu, hata mzoga, hawachagui. Lakini hiyo si shida kubwa. Shida ni hiyo nailoni yako. Inateleza, na kobe wa maji anapumua hewa kama wewe, akiogelea akizunguka siku nzima hapati pa kutokea anachoka anazama. Na wengine wanajiingiza wenyewe usiku bila wewe kuwaalika! Teremsha kamba nene ya katani ama gunia lililojazwa mawe kwenye kona mbili, upande mmoja uwe juu ya ukingo, utaona wanapanda kama ngazi. Ukiweza kuchimba dimbwi lingine la udongo ni bora zaidi, ukingo mmoja ulale taratibu, gogo la kuotea jua, matete kidogo ya kujificha, na udongo laini chini kwa sababu kiangazi kikija wanajizika humo wanalala mpaka mvua.

Kufuga kwa kufungia ni kitu kingine, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Bwawa langu halina ua, anayeingia anaingia.

"Watoto wanacheza na kobe wa maji nyumbani, kuna ubaya?"

Wanawe mikono na sabuni, na kobe asiingie jikoni. Hawa wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha. Marekani walipiga marufuku kuuza wadogo wa chini ya inchi nne tangu 1975 sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni.

"Niko na kobe wa maji mwenye mstari mwekundu kando ya macho, nilinunua. Nimechoka naye, nimwachilie Mto Njoro?"

Hapana. Huyo asili yake ni Marekani, akizoea mto wetu atawanyang'anya wa hapa chakula na mahali pa kuota jua. Ongea na KWS.

"Yule uliyeniambia nimwache kwa dimbwi langu ametoroka. Nifanyeje?" (dada wa Awasi)

Amefuata maji mengine, dada. Angalia tu kama nyayo zinaelekea barabarani, na kama zinaelekea huko, chukua tochi utoke.