Maikrowevu na maranda: maswali yenu wiki hii

Niko na maikrowevu ya zamani, naeza geuza maranda kuwa makaa nayo hapa kwa nyumba? (Kariobangi)

Hapana. Hili swali nimelijibu mara ngapi jamani, someni kwanza kabla hamjauliza. Maranda yakiungua bila hewa yanatoa kaboni monoksaidi na gesi zingine za kushika moto, na hiyo maikrowevu ya jikoni haijazibwa, hewa inaingia na moshi unatoka. Kaboni monoksaidi haina harufu, ndiyo hiyo inaua watu wakilala na jiko la makaa wamefunga madirisha. Na usimpe fundi wa mtaani aifungue, kapasita ya ndani, kile kifaa kinachohifadhi stima, inaweza kubaki na volti kama elfu mbili hata ukishaitoa kwa soketi.

Mbona basi maikrowevu inasifiwa kuliko tanuru kwa kutengeneza makaa? (Kasarani)

Tanuru inapasha kutoka nje, kipande kikiwa kikubwa nje kumeshaungua katikati bado kubichi. Mawimbi ya maikrowevu yanapenya ndani yanatikisa molekuli za maji, joto linazaliwa humo humo, na ukifika digrii 400 hadi 600 bila oksijeni unapata makaa, mafuta meusi, na gesi yenye haidrojeni ambayo ikisafishwa inaweza kuendesha injini. Shida ni kwamba mbao ikishakauka kabisa haishiki mawimbi vizuri, ndio maana wanachanganya na unga wa makaa, kaboni inayashika sana.

Si basi tutumie maranda mabichi, kama maji yanashika mawimbi?

Na stima analipa nani? Kilo moja ya maranda, nusu ikiwa maji, kuyachemsha hayo maji yaishe ni karibu 0.36 yuniti, halafu maikrowevu ya jikoni inapoteza kama theluthi ya stima inayoingia, kwa hivyo tokeni zako zimeenda zaidi ya nusu yuniti na hujaona hata kipande cha makaa. Mitambo ya viwandani, ya mawimbi ya megahezi 915, haipotezi stima nyingi hivyo lakini maji ni yale yale. Anikeni juani kwanza! Nitalisema hili mpaka lisikike, jua la Januari hapa Nairobi halina tokeni.

Makaa hayo yanabaki na miale?

Hapana, ukizima mawimbi yameisha.

Kuna mtu ananiuzia mtambo wa maikrowevu wa kuchoma maranda, anasema unatoa stima kuliko inayokula. Ninunue?

Si uongo moja kwa moja, nguvu inatoka kwa maranda yenyewe, kilo kavu iko na karibu yuniti 5 za joto. Lakini joto si stima, injini ndogo inageuza kama robo tu, na kabla ya hapo nyingine imebaki kwa makaa na mafuta. Mwambie aweke mita mbili, ya kuingia na ya kutoka, apime pia unyevu wa maranda, na muangalie siku nzima mkiwa pamoja. Akikataa usitoe hata deposit.

Mafuta meusi naeza weka kwa stovu ya mafuta taa?

Usijaribu. Yako na maji mengi na asidi kali, yatakula chuma na kuziba njia ya mafuta.