Jack Ketch na shoka butu

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza ni jina gani la mtu lililogeuka neno la mtaani. Jibu langu ni Jack Ketch, mnyongaji wa London. Alifariki mwaka 1686, lakini Waingereza waliendelea kumwita kila mnyongaji kwa jina hilo, kizazi baada ya kizazi. Mimi hata hivyo nina swali jingine: kwa nini yeye? Kabla yake alikuwapo mnyongaji Derrick, ambaye jina lake mabaharia waliipa ile boriti ya kunyanyulia mizigo melini, kwa kuwa inafanana na mti wa kunyongea.

Wapo wanaosema jina lilitokana na Richard Jacquet, mwenye ardhi ya Tyburn, mahali pa kunyongea watu London. Siwaamini. Jina lilivuma kwa sababu ya uchinjaji mbovu.

Chukueni Tower Hill, London, tarehe 15 Julai 1685. Duke wa Monmouth, aliyehukumiwa kifo kwa kumwasi mfalme, alimpa Ketch gini sita, sarafu za dhahabu, akamwomba asimfanye alivyomfanya Lord Russell, aliyemkata kichwa vibaya miaka miwili nyuma. Akapapasa makali ya shoka, akasema hayatoshi. Pigo la kwanza lilimjeruhi tu. Likafuata la pili, la tatu, kichwa bado kipo. Ketch akalitupa shoka chini, hawezi tena. Masherifu, maofisa wasimamizi, wakamlazimisha aliokote. Waliohesabu hawakubaliani kama mapigo yalikuwa matano au manane, ila mwisho ilibidi kisu kimalizie.

Kumbukeni lakini kwamba kazi yake ilikuwa kamba. Tyburn, mtu alisimamishwa mkokotenini, kitanzi shingoni, farasi wakauvuta mkokoteni. Uzito wake ulimaliza kazi, polepole. Shoka halisamehe. Hupasua kama kabari, hivyo lazima litue kati ya pingili mbili za shingo. Mlalaji akisogea kidogo tu, linaangukia bega au fuvu. Na wakubwa wa kukatwa vichwa walikuwa wachache, basi mazoezi angeyapata wapi? Baada ya Russell alichapisha hata kijitabu cha kujitetea: marehemu hakujilaza ipasavyo, naye alikatizwa akilenga.

Nilianza nikimwona mzembe. Sasa namwamini nusu. Nusu tu, maana kinoo si ghali, na Monmouth alimwonya kabla hajalala.

Pengine hata shoka peke yake lisingetosha kulihifadhi jina. Wachezesha vikaragosi walimtia Ketch kwenye mchezo wa Punch, kikaragosi mkorofi wa Uingereza, na humo Ketch anataka kumnyonga Punch, lakini anaingiza kichwa chake mwenyewe kitanzini ili kumwonyesha Punch inavyofanywa. Punch anavuta kamba.

Msomaji wenu