Geji ya Mafuta Kwanza: Kurusha Ndege ya Kivita kwa Uhalisia Ukiwa Nyumbani

Kwa miezi minne ya mwanzo nilirusha ndege za kivita kwenye kompyuta yangu bila kujifunza jambo la maana. Mipangilio ya DCS World, ambayo ndiyo simuleta ninayoitumia, nilikuwa nimeilegeza yote: mafuta hayakwisha, ndege yangu haikudhurika, na juu ya kila ndege ya adui yalielea maandishi yanayoitaja kwa jina na kuonyesha umbali wake. Jioni moja nilizima yote matatu, nikaruka kutoka Batumi, uwanja wa Georgia uliomo katika ramani ya simuleta, nikapambana na ndege mbili na kuzishinda, kisha dakika chache baadaye injini zangu zote zikazimika juu ya Bahari Nyeusi huku taa za uwanja nikiziona mbele yangu. Rubani wa kweli angekuwa amegeuza kurudi kabla hata ya kuikaribia ile ndege ya pili.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba uhalisia hautokani na ubora wa picha wala bei ya vifaa. Unatokana na kukubali kufungwa na mipaka ileile inayomfunga rubani, yaani mafuta yake, muda wake, macho yake na uzito wa mwili wake, na kutoitafutia njia ya mkato hata pale ambapo hakuna anayekutazama. Ushauri wote ninaoutoa hapa chini umejengwa juu ya msingi huo.

Jambo la kwanza ni kuchagua ndege moja na kukaa nayo kwa mwaka mzima ikiwezekana. Mimi niliichagua F-5E ya Northrop, na sababu yangu ilikuwa ya moyoni kabla ya kuwa ya kiufundi: nililelewa karibu na Nanyuki, ambako ndege za aina hiyo, zilizoanza kuingia katika jeshi la anga la Kenya mwaka 1978, hutoka katika kambi ya Laikipia na kupita juu ya mashamba kwa mngurumo unaofika baada ya ndege yenyewe kutoweka. Baadaye niligundua kwamba moyo ulikuwa umenichagulia mwalimu bora. F-5E haina kompyuta ya kukuongoza njia, haina skrini za rangi, na rada yake haioni mbali; kila inachokifanya unaweza kukifuata kwa akili yako, kutoka kwenye mkono wako hadi kwenye bawa. Msomaji wa Tanzania au Uganda anaweza kuvutiwa zaidi na MiG-21bis, ambayo nayo imo katika simuleta hii, kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa na ndege za ukoo huo wakati wa vita vya Kagera. Ni chaguo zuri, ingawa ndege hiyo ni kali zaidi wakati wa kutua.

Kabla ya kutoa fedha, fahamu kwamba programu yenyewe hupakuliwa bure pamoja na ramani ya Kaukazi na ndege ya mashambulizi ya ardhini Su-25T, na kwamba ndege nyingi za kulipia huruhusu majaribio ya wiki mbili. Yatumie majaribio hayo. Kuhusu vifaa, sina mengi ya kusema: joistiki ya kawaida yenye mpini unaozunguka kwa ajili ya usukani wa mkia inatosha kabisa, na fedha itakayobaki iende kwenye njia ya kugeuza macho ndani ya chumba cha rubani. Programu ya bure iitwayo opentrack hutumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuatilia kichwa chako, hivyo ukigeuka kidogo kushoto, rubani naye anageuka. Asiyeweza kutazama nyuma ya bega lake hawezi kupigana angani, hata awe na joistiki ya bei gani. Ongeza UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika, kwa maana kukatika kwa umeme katikati ya safari ya saa moja huharibu somo zima.

Baada ya hapo jifunze kuiwasha ndege kwa mkono, tena kwa kumbukumbu. Kuna kitufe cha kuiwasha moja kwa moja, na ninakusihi usikiguse. F-5E haiwezi kujiwasha yenyewe, kwani inahitaji hewa ya kusukuma injini kutoka kwenye mtambo ulio chini. Kwa hiyo unazungumza kwanza na mafundi wa uwanjani, unaomba hewa, unasubiri injini ya kushoto ifike takriban asilimia 10 ya mzunguko wake, unabonyeza kitufe cha kuwasha, unausogeza wenzo wa mafuta hadi nafasi ya chini ya kuungurumia, kisha unatazama joto la injini likipanda na kushuka kabla ya kuirudia kazi hiyo upande wa kulia. Kazi hiyo inakufundisha mahali pa kila geji na sura yake inapokuwa na afya. Siku geji ile itakapoonyesha ugonjwa ukiwa futi 500 juu ya ardhi, jicho lako litaiona bila kuitafuta.

Mazoezi haya hayahitaji hata kompyuta. Nilichapisha picha ya dashibodi kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani mbele ya kiti, na nyakati ambazo umeme haukuwepo nilikaa pale na kugusa kila swichi kwa mpangilio, nikitamka kwa sauti ninachokifanya na ninachotarajia kukiona. Marubani wa kweli hufanya hivyo wakiwa wamekaa kwenye viti vya kawaida, macho yamefumbwa, na sijapata zoezi lingine lililonisaidia zaidi kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye njia, eneo ambalo wengi hulipuuza na ambalo mimi nimelipenda kuliko mapambano yenyewe. Simuleta hii ina ramani inayokuonyesha mahali ulipo hasa, kana kwamba malaika anakutazama kutoka juu. Izime. Chukua karatasi, chora mstari kutoka Batumi hadi Kutaisi, umbali wa takriban maili 50 za baharini, pima mwelekeo wake, na uugawe mstari huo kwa dakika. Ukiruka kwa kasi ya noti 420, yaani maili 420 za baharini kwa saa, unamaliza maili 7 kila dakika, kwa hiyo safari nzima ni dakika 7 na sekunde chache. Ndiyo maana marubani hupendelea kasi zinazogawanyika kwa 60, kama 360, 420 na 480, kwa kuwa hesabu inafanyika kichwani hata mikono ikiwa na kazi. Bonyeza saa unapopita juu ya alama ya kuanzia, shikilia mwelekeo, na mtazame Mto Rioni unaotiririka kwenda baharini upande wa Poti. Ukiuona mapema au ukichelewa kuuona, upepo unakuambia jambo.

Kuna hesabu nyingine ya zamani inayopaswa kukaa kichwani: ukikosea mwelekeo kwa digrii moja, baada ya maili 60 utakuwa umetoka njiani kwa maili moja. Kosa la digrii tano katika safari ile ya Kutaisi linakuweka maili nne pembeni, na maili nne siku yenye ukungu zinatosha kukukosesha uwanja mzima. Kumbuka pia kwamba kasi unayoisoma kwenye geji siyo kasi yako halisi unapopanda juu, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ongeza takriban asilimia mbili kwa kila futi 1,000, hivyo noti 300 za kwenye geji ukiwa futi 20,000 ni noti 420 hivi za kweli. Unapofika karibu, redio ya TACAN, ambayo kwa Batumi ni chaneli 16X, itakupa mwelekeo na umbali, lakini itumie kuthibitisha hesabu zako na si kuchukua nafasi yake.

Mafuta nimeyataja mwanzoni, na narudi kwayo kwa sababu ndiyo yanayoamua kila kitu. Matangi ya ndani ya F-5E yanabeba takriban ratili 4,400. Ukiusukuma wenzo hadi mwisho, mafuta ya ziada humwagwa na kuwashwa nyuma ya injini, nguvu inaongezeka sana, na karibu na usawa wa bahari akiba yote hiyo inaweza kumalizika kabla ya robo saa. Rubani huingia angani akiwa tayari ameandika, kwenye karatasi iliyofungwa gotini, kiwango ambacho akikifikia anageuza, bila mjadala, hata kama adui yuko mbele yake na ana hakika ya kumpiga. Kiwango hicho kinaitwa bingo. Usinakili bingo ya mtu mwingine: ruka njia yako mara mbili kwa utulivu, andika geji inasoma nini katika kila kituo, chukua kiasi kilichotumika kurudi, ongeza cha kuzunguka uwanja mara moja endapo utashindwa kutua, kisha ongeza akiba ya kufika uwanja wa jirani kama Kobuleti. Jumla yake ndiyo sheria yako. Mimi nilivunja sheria hiyo mara nyingi kabla ya kuitii, na kila mara nilikuwa na sababu niliyoiona nzuri wakati huo.

Katika pambano lenyewe, tofauti kubwa kati ya nyumbani na angani ni kwamba mwili wako haukuambii lolote. F-5E inaruhusiwa kufika mvuto wa G 7.33, kiwango ambacho mkono wa rubani unakuwa mzito zaidi ya mara saba na damu inakimbia kutoka kichwani. Wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki, na taarifa pekee unayoipata ni skrini kuanza kuwa giza pembeni. Kwa sababu hiyo wanaoanza huvuta joistiki hadi mwisho, ndege inapoteza kasi yote katika zamu moja, na adui anageuka taratibu na kuwafuata nyuma. Jifunze kuvuta kwa kiasi huku ukisikiliza mtetemo wa bawa, maana mtetemo ni ndege ikikueleza kwamba hewa inaanza kuachana na bawa. Kasi ni akiba kama fedha; ukiitumia yote kwenye zamu ya kwanza utaingia ya pili mikono mitupu, na njia pekee ya kuirudisha ni kushusha pua na kuuza kimo chako.

Weka macho kwa adui na usiyaondoe. Kumtazama si sawa na kumwelekea, na mara nyingi hatua sahihi ni kulegeza mvuto huku shingo yako imegeuka kabisa nyuma. Mizinga miwili ya puani ina risasi 280 kila mmoja, nazo huisha kwa takriban sekunde 11 ukishikilia kitufe, kwa hiyo piga kwa sekunde moja tu, ukiwa karibu kiasi kwamba mabawa yake yameijaza duara ya shabaha. Risasi zinazofyatuliwa kutoka mbali kwa matumaini hazifiki.

Kutua ndiko kunakonionyesha kama mtu anarusha ndege au anacheza. Ninamshauri kila anayeanza atumie theluthi nzima ya muda wake hapa. Pita juu ya njia ya kutulia ukiwa futi 1,500 na kasi ya noti 300, geuza kwa nguvu ili zamu yenyewe ikupunguzie kasi, na usishushe magurudumu kabla ya kuwa chini ya noti 260, kwa sababu upepo utayaharibu. Shusha flapu zote, yaani vibamba vya mabawa vinavyosaidia kuruka polepole, kisha ingia zamu ya mwisho ukiwa tayari umetulia. Ukiwa umebakiza mafuta kidogo, kasi ya kuja chini ni karibu noti 150, lakini jizoeze kuisoma zaidi taa ya pembe ya bawa, inayoonyesha pembe ambayo bawa linakutana nayo na hewa, iliyo kando ya kioo cha mbele, kwa kuwa yenyewe inazingatia uzito wa ndege ambao geji ya kasi haiujui. Taa ikikuambia uko polepole, ongeza nguvu kwanza. Kuvuta pua juu wakati huo ndiyo makosa yaliyoniangusha mara nyingi kabla ya njia. Magurudumu ya nyuma yakishagusa, iache pua juu kwa muda ili tumbo la ndege lisaidie kusimamisha, na parashuti ya breki ifunguliwe kasi ikiwa imeshuka chini ya noti 180.

Utakapoweza kufanya haya peke yako, tafuta mwenzako mmoja mzoefu na uruke ubavuni mwake. Kumfuata kwa umbali uleule kwa nusu saa, bila kupiga hata risasi moja, kutakuonyesha ukali wa mkono wako kuliko pambano lolote. Semeni machache redioni: jina, mahali, unachokusudia, kisha kimya. Na mkishatua msizime kompyuta mara moja. Fungueni kumbukumbu ya safari, iwe kwenye simuleta yenyewe au kwenye Tacview, programu ya kuchambua safari za ndege, muitazame tangu magurudumu yalipoacha ardhi, na kila mmoja aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe kabla ya kulitaja la mwenzake. Sisi huanzia kwenye geji ya mafuta kila mara, tukilinganisha kilichoandikwa gotini na kilichobaki kwenye tangi ndege iliposimama.