Kabla ya kuanza mbio, pima mwili

Shughuli za korosho zikipungua, watu wengi wa rika langu hapa Mtwara huamua kuanza mazoezi. Alfajiri unawakuta njia ya Shangani, wengine viatu bado vipya. Nafurahi sana kuwaona. Ombi langu kwao ni moja: pimeni kwanza, hasa mliovuka miaka 40, mlio na presha au sukari kwenye ukoo, na ambao mara ya mwisho kukimbia ilikuwa shuleni.

Presha ndiyo naisisitiza kuliko vyote, kwa sababu haiumi. Mama mdogo wangu wa Mikindani alikuwa analima, anabeba ndoo, hata kichwa hakimgongi. Siku moja alimsindikiza mgonjwa, naye akapimwa: 150 na ushei. Hawakumwanzishia dawa palepale. Walimtaka arudi siku nyingine, maana haraka, hofu na safari ya juani vinaweza kuipandisha. Alirudi, ikawa bado iko juu, ndipo matibabu yakaanza. Siku hizi anatembea nasi asubuhi na dawa zake hakosi.

Kwa hiyo ukishuka kwenye bodaboda usinyooshe mkono upimwe huku unahema. Nenda haja ndogo, kisha kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Kahawa na sigara viache nusu saa kabla. Chini ya 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au zaidi katika siku tofauti, hilo ni la daktari. Sukari ya asubuhi ipimwe hujala kwa saa nane, maji tu, ikisoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, itahitaji kurudiwa ili kuthibitisha.

Mizani siitegemei peke yake, haitofautishi msuli na kitambi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni baada ya kutoa pumzi. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Najua huku kwetu mtu akinenepa anasifiwa kwamba amenawiri. Sifa hiyo isikuzuie kupima.

Sasa nguvu zenyewe, ambazo hospitalini mara nyingi hawazipimi usipouliza. Egemeza ukutani kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na kukaa kwa sekunde 30 ukihesabu kila unaposimama wima. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamke asiyefikisha 12 au mwanamume asiyefikisha 14 miguu yake ni dhaifu kwa umri huo. Kijana anatakiwa azidi hapo. Kisha tembea dakika sita kwa mwendo wa haraka kwenye ardhi ngumu na tambarare, si mchanga wa ufukweni, uandike umbali. Asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Kwa kawaida ni 60 hadi 100. Weka yote kwenye daftari, na baada ya miezi mitatu rudia kwa njia ileile. Usijilinganishe na jirani.

Ila mwenye kubanwa kifua, kuzimia au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo asijaribu haya nyumbani. Aende hospitali kwanza, iwe Ligula au iliyo karibu naye.

Ukiwa na majibu mkononi, muulize daktari waziwazi: nianze na zoezi gani, kwa kasi ipi? Kwa wengi wetu jibu ni kutembea nusu saa siku tano za wiki, kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Mbio zinaweza kusubiri mpaka daftari lionyeshe miguu imekaza.