Ndiyo, boti ya matembezi nayo hukaguliwa

Ndugu yangu, umeuliza kama maofisa wa uvuvi wana haki ya kufungua sanduku lenu la barafu hapa Malindi, maana mlikuwa mnajistarehesha tu. Wanayo. Sheria ya uvuvi ya 2016 haimwachi nje anayevua kwa burudani.

Juzi tulisimamishwa nasi. Nahodha akatuliza mashine, akawarushia kamba, akatoa leseni kwenye kopo la maziwa, kavu kabisa. Ofisa akainua kifuniko, akamwona nguru mmoja na jodari wawili, akahesabu maboya ya kujiokolea, wakatuaga. Hakuna aliyepaza sauti.

Kinachowaponza wengi ni mahali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, hakuna kuvua kabisa, hata mshipi wa mtoto. Na ukiwa juu ya maji, mpaka wake huuoni! Muulizeni nahodha kabla ya kutupa ndoana, tafadhali, matumbawe yale ndiyo mazalio ya samaki wetu. Bunduki ya mkuki msiipakie.

Mkidaiwa pesa hukohuko baharini bila risiti, msitoe; ombeni mpelekwe kituoni.