Marudiano ya papo hapo, au pambano la kujipima kwanza?

Ndugu, umeuliza kama bondia wa uzito wa juu aliyepoteza mkanda wa ubingwa arudiane mara moja na aliyemshinda. Inategemea alipotezaje.

Kama alizidiwa kwa pointi, au alipigwa kwa kosa linaloonekana na kurekebishika, arudiane. Bingwa Mwingereza Anthony Joshua alipigwa na Andy Ruiz hadi mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya 7, Juni 2019, kwa sababu alikaa katika umbali wa kubadilishana ngumi na mtu mwenye mikono ya kasi kuliko yake. Desemba alirudiana naye akiwa na takriban kilo 108 badala ya 112, akazunguka ulingo, akapiga ngumi ya kunyoosha ya mkono wa kushoto na kuondoka. Alishinda kwa pointi. Ruiz kwa upande wake aliongeza kilo kama 7, na miguu ikashindwa kumfuata. Lennox Lewis naye, aliyepokonywa mkanda na Hasim Rahman mwaka 2001, alirudiana naye baada ya miezi 7 hivi na kumwangusha raundi ya 4.

Lakini kama alipigwa KO mbaya (kuangushwa asiweze kuendelea), au amepigwa mapambano mawili mfululizo, apewe kwanza raundi 8 au 10 na mpinzani wa wastani asiye na ngumi nzito. Asiguse mazoezi ya kupigana kabla daktari hajamruhusu. Hapo ndipo wengi huharibika: kichwa hakijapona, anapigwa kambini, anaingia ulingoni tayari amelegea.

Kocha mpya pia asiletwe wiki 6 kabla ya pambano. Mkono ukichoka, bondia hurudia mazoea ya zamani.