Jibu: Papa potwe Mafia Desemba, nifikie Utende au Kilindoni?

Ndugu, kama shida yako ni potwe tu (papa mkubwa kuliko samaki wote), fikia Kilindoni, mji ulio upande wa magharibi wa Kisiwa cha Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Mafia (kilomita za mraba 822, tangu 1995) iko kusini na mashariki; potwe hukusanyika magharibi, Oktoba hadi Machi, wakichota uduvi juu juu, mdomo wazi. Shuka majini taratibu ubavuni mwake, usimkate mbele. Acha mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani. Mkia huo ukikupiga ni balaa.

Utende, kijiji cha upande wa mashariki, nenda kwa ajili ya matumbawe ya Ghuba ya Chole. Mlango wa Kinasi, njia ya maji kati ya ghuba hiyo na bahari kuu, upigie mbizi maji yakijaa, yanaingia safi kutoka bahari kuu. Yakitoka huwa machafu, na mkondo unakusukuma nje.